Shajara ya mradi: Mstari wa theluji ya Kibo, kutoka paa la Majengo

Mwanzo wa Oktoba

Kamera imeshafungwa juu ya paa la studio yangu ya picha hapa Majengo, mjini Moshi, inatazama kaskazini, na tangu leo inapiga yenyewe. Kwa aliyejiunga sasa: tunataka kila alfajiri ipatikane picha moja ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, kutoka mahali palepale, kwa lenzi ileile, ikiwa na mstari unaoonyesha theluji imeshuka hadi mita ngapi. Watu wa Moshi tunaishi tukiutazama mlima huu, na kila mmoja ana lake la kusema kuhusu weupe wake. Imeisha. Imerudi. Zamani ilishuka hadi kule. Tunayasema kwa uchungu wa kweli, lakini ukimwuliza mtu theluji ya vuli mwaka jana iliingia lini na ikakaa muda gani, hakuna mwenye jibu. Mradi huu ni wa kujibu swali hilo.

Vifaa ni vya kawaida: simu ya zamani ambayo kioo kimepasuka lakini kamera iko sawa, betri ya pikipiki, paneli ndogo ya sola, na sanduku la bati alilolichomelea fundi wa Pasua. Sanduku limepakwa rangi nyeupe ili simu isichemke mchana, na mbele lina kipande cha kioo cha dirisha chenye kofia ya bati ya kukinga mvua. Sola haikuwa anasa. Mtaani kwetu umeme hukatika alfajiri mara nyingi mno.

Picha inapigwa saa 12:20 asubuhi. Saa hiyo mlima huwa wazi. Jua likishapasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, hupoa njiani, na kufikia saa nne wingu limekaa juu ya msitu na kuziba kila kitu. Mgeni anayelala hadi saa tatu anaweza kukaa Moshi wiki nzima akaondoka bila kuiona Kibo.

Kwa sasa mlima ni mweusi. Cheupe kinachoonekana upande wetu ni barafu ya kale tu: Heim, Kersten, Decken na Rebmann, vipande vinavyoning'inia kwenye uso wa kusini. Naomba tuelewane mapema, kwa sababu shajara yote itasimama juu ya jambo hili. Barafu ile imeshindiliwa kwa miaka mingi. Theluji ni ile inayoanguka usiku mmoja na pengine kuondoka kesho yake. Tunapima theluji.

Siku chache baadaye

Kazi ya vipimo. Picha iliyopigwa kutoka chini haikupi mita moja kwa moja, kwa sababu mteremko unalala mbali nawe kadiri unavyopanda. Kwa hiyo tunatumia alama zinazojulikana. Uhuru, ncha ya juu kabisa ya Kibo, ni mita 5,895. Stella Point, kwenye ukingo wa kasoko, ni 5,756. Kambi ya Barafu, kwenye mgongo ule unaoshuka kusini-mashariki, ni 4,673. Kulia kabisa mwa picha yupo Mawenzi, kilele cha pili cha mlima huu, ambaye ncha yake ya juu ni mita 5,149, naye ni rula nzuri kuliko zote: akiwa mweusi wakati Kibo ni nyeupe, mstari uko juu, akipakwa naye, ujue theluji imeshuka chini ya 5,149.

Alama za kati wamenisaidia wapagazi. Nimechapa picha kubwa, nikaifunika kwa karatasi ya plastiki, wakaja studio jioni mmoja mmoja na kalamu ya wino mzito. Mtu aliyepita njia ya Barafu kwa miaka, akiwa na mzigo wa kilo 20 mgongoni, anaijua kila kona yake hata akiitazama kutoka Majengo. Mmoja aliweka kidole kwenye kivuli kidogo ambacho mimi nilidhani ni doa la lenzi, akasema, "Mangi, hapa ndipo tunapumzikia kabla ya kuingia Barafu." Nikakuza picha. Kweli ni bega la mwamba, na lilikuwa palepale kwenye kila picha niliyoilinganisha.

Katikati ya Oktoba

Vumbi. Kioo kinafutwa kila jioni la sivyo picha inakuwa ya kahawia. Hakuna tone la mvua.

Oktoba ni mwezi wa wasiwasi huku kwetu. Oktoba 2020 moto ulianzia eneo la Kifunika na ukateketeza uoto wa juu ya msitu kwa zaidi ya wiki. Oktoba 2022 ukawaka tena karibu na kambi ya Karanga. Ndiyo maana picha zote nazipitia pia kutafuta moshi, ingawa si sehemu ya mradi.

Vijana wa klabu ya jiografia wa shule ya jirani wameanza kuja Jumamosi kuchora mistari. Binti mmoja wa kidato cha pili aliuliza swali ambalo nimelibeba wiki nzima. Julai, alisema, Moshi ilikuwa na baridi hadi tukavaa masweta darasani, mbona picha za Julai zinaonyesha mlima mweusi? Na mbona mama yake humwambia theluji huja Novemba, wakati sisi huku chini tunatokwa jasho?

Tulikaa naye tukapiga hesabu ubaoni. Ukipanda mita 100, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 0.65 hivi. Mji wetu uko kama mita 850 kutoka usawa wa bahari. Hapa ikiwa nyuzi 25, nyuzi sifuri inaangukia karibu mita 4,700, yaani pale pale Barafu. Endelea hadi kileleni, unapata karibu nyuzi nane chini ya sifuri. Hesabu hiyo haibadiliki sana kati ya Januari na Julai, kwa sababu tuko karibu na Ikweta. Kileleni baridi ipo mwaka mzima. Kinachokosekana Julai ni maji angani. Yakija, yaje na vuli au masika, juu yataanguka kama theluji hata kama sisi huku tunapepea kwa magazeti.

Vijiji vya kuteleza kwa ski kule milima ya Alps, Ulaya, kama Zermatt au Chamonix, hungoja baridi. Mawingu wanayo majira yote. Wanachosubiri ni hewa ipoe, na theluji nzito ya kwanza ikianguka msimu wa biashara unaanza. Sisi tunangoja mvua. Yule binti aliandika sentensi hiyo kwenye daftari akaipigia mstari, na mimi nikaona tumepata namna ya kuueleza mradi kwa mtu yeyote.

Na kwa kuwa ski imetajwa: imewahi kufika Kibo. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda hadi juu na kushuka kwa ski. Barafu iliyoko karibu na kilele inaitwa Furtwängler mpaka leo. Mwaka huohuo wa 1912 Fritz Klute na Eduard Oehler nao walikuwa mlimani, na kutokana na ramani yao ndipo tunapojua kwamba barafu yote ya Kibo ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Picha za 2011 zilitoa 1.76.

Wiki ya mwisho ya Oktoba

Meku, mzee mmoja kutoka Kibosho, alikuja kupiga pasipoti ya mjukuu wake. Akaiona ile picha kubwa ukutani, akaniuliza ninafanya nini nayo.

"Shikamoo, Meku. Tunapima theluji."

"Marahaba. Na mtatuambia mfongo utakuwa na maji?"

Mfongo ni mfereji wetu wa kumwagilia mashamba, na swali hilo lina uzito kuliko mengi niliyoulizwa. Nilimjibu kama nilivyoelewa kwa watafiti waliofanya kazi mlimani miaka mingi: maji ya mifongo na chemchemi zetu kwa sehemu kubwa sana hutoka kwenye mvua na ukungu unaonaswa na msitu, ule ukanda wa karibu mita 2,000 ambako mvua ni nyingi kuliko popote mlimani. Juu kileleni hunyesha kidogo mno, na barafu iliyobaki ni ndogo. Sehemu yake kubwa haiyeyuki hata kuwa maji, huondoka moja kwa moja kama mvuke kwenye hewa kavu. Akafikiri. Akasema basi aliyekata mti kule juu amemdhulumu kuliko jua lililokula barafu. Sina cha kuongeza hapo.

Lakini theluji ya Novemba bado inamhusu, na nilimwambia. Wingu linalopaka Kibo nyeupe ndilo linalonyesha msituni usiku uleule. Mstari wetu ukishuka ghafla, mfongo wake una habari njema njiani.

Novemba, Jumatatu

Mamlaka ya Hali ya Hewa imetangaza mvua kubwa kwa mikoa yetu. Jioni upepo uligeuka, ukawa na harufu ya udongo uliolowa kutoka upande wa Himo. Picha ya leo asubuhi: Kibo kavu, Mawenzi kavu, wingu jembamba la mstari mmoja usawa wa uwanda wa Shira.

Jumanne hadi Alhamisi

Wingu. Picha hazina mlima. Zimehifadhiwa hivyohivyo, kwa sababu alfajiri isiyo na mlima nayo ni taarifa. Usiku wa Jumatano mvua ilipiga bati la paa hadi hatukusikilizana, na Alhamisi jioni ikaja mvua ya mawe, fupi na kali. Nilipanda na tochi kukagua sanduku. Kioo kimepata ufa pembeni, nje ya eneo la lenzi. Nimekiziba kwa gundi ya silikoni.

Ijumaa alfajiri

Imeanguka.

Nilikuwa juu ya paa kabla ya kamera. Giza lilipoanza kupungua hakukuwa na umbo la mlima, ila weupe uliojitenga na anga bila rangi nyingine yoyote katikati. Kisha jua lilichomoza kulia na mwanga ukapita juu ya mteremko kutoka upande, kwa ulalo, hata mabonde madogo ambayo sijawahi kuyaona yakatokeza kwa vivuli vya bluu. Heim na Kersten hazikuonekana tena. Zimezama ndani ya weupe, huwezi kusema barafu inaishia wapi na theluji inaanzia wapi. Mawenzi, ambaye kwa kawaida kuta zake ni za wima mno theluji haishiki, leo alikuwa na michirizi myeupe kwenye kila ufa.

Mama muuza chapati wa mtaani kwetu alisimamisha kazi, akaita watoto watoke nje. Bodaboda waliegesha pale kona wote wakitazama upande mmoja. Nimeishi hapa maisha yangu yote, na siku kama hii bado inanipa furaha ambayo siwezi kuilinganisha na kitu kingine mjini.

Mstari: tulipoweka karatasi ya plastiki juu ya picha, ulipita chini ya Barafu, chini ya lile bega la mwamba, ukaendelea kuelekea Karanga. Tumeandika mita 4,200 kwenye mgongo wa kusini-mashariki. Mabondeni ni chini zaidi, lakini huko hatuna alama ya kutosha kuthubutu kuandika namba.

Nimeulizwa na vijana inawezekanaje mstari ushuke chini kiasi hicho wakati hesabu yetu ilisema 4,700. Mvua ikiwa kubwa, theluji inayoanguka huyeyuka inapofika kwenye hewa ya uvuguvugu, na kuyeyuka huko hunyonya joto la hewa ileile. Hewa inapoa, theluji inayofuata inashuka hatua nyingine kabla ya kuyeyuka. Saa chache za mvua nzito zinaweza kuusukuma mstari chini kwa mita mia kadhaa. Manyunyu hayafanyi hivyo. Kwa hiyo urefu wa mstari unatueleza pia mvua ilikuwa nzito kiasi gani, na hilo sikulitarajia mradi ulipoanza.

Picha ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la wapagazi kabla ya saa moja, magari ya kwenda geti la Machame na Marangu yakiwa bado hayajaondoka mjini.

Ijumaa, mchana

Simu kutoka kwa mpishi aliyeko Karanga: "Kaka, juu kumejaa. Wenzetu wa Barafu wanasema hema zimelemewa, wamezikung'uta usiku kucha. Njia haionekani, wanafuata nyayo za kikundi cha mbele."

Kisha akaniambia kuhusu macho. Wageni wana miwani myeusi. Kwa wapagazi, wenye nayo ni wachache. Theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoipiga, na kwenye mita 4,600 hewa ni nyepesi, jua halichujwi. Mtu anatembea asubuhi moja, jioni macho yanawaka kama yamemwagiwa pilipili na hawezi kuyafungua. Na miguu: theluji ya mchana ni laini, inaingia ndani ya buti, usiku inaganda, alfajiri njia inakuwa ya kuteleza kama kigae.

Nimekaa na maneno haya. Nilianza mradi kwa ajili ya kumbukumbu, na kumbukumbu ina thamani yake. Lakini mtu anayepanda kesho na buti za mitumba kutoka soko la Memorial anahitaji namba hii leo, kabla hajafunga mzigo. Kwa hiyo tangu sasa kila ujumbe wa asubuhi utakuwa na mambo mawili: mstari uko wapi, na je, kambi ya kulala iko juu au chini yake. Mstari ukiwa chini ya Barafu tunaandika wazi: miwani, glavu, soksi za akiba, vifuniko vya buti. Asiye navyo, ofisi ya Kilimanjaro Porters Assistance Project hapa mjini huazima nguo za baridi bure; nalirudia kila mara kwa sababu bado kuna vijana wapya wasiojua.

Wiki iliyofuata

Mstari unapanda. Jumapili ulikuwa juu kidogo ya Barafu. Jumanne Mawenzi alikuwa mweusi tena. Leo uko juu ya mita 5,149 na una kingo zilizoraruka.

Hapa jua lina sehemu yake. Mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana lilipita juu ya utosi wetu, na sasa limeenda kusini, litaendelea hadi Desemba. Uso wa Kibo unaoitazama Moshi ndio unaopigwa moja kwa moja. Theluji ya Novemba upande wetu ina maisha mafupi kuliko ambavyo ingekuwa nayo Julai, kama ingeanguka Julai.

Watu wamenisimamisha sokoni kuniambia barafu imerudi. Nawajibu kwa upole, lakini nawajibu. Barafu haijarudi. Kilichotokea Ijumaa ni kwamba imepata blanketi. Barafu ya kale ni chafu, inameza mwanga mwingi. Theluji mpya juu yake inaurudisha, na kwa siku zote inapokuwa imefunikwa, jua linahangaika na theluji badala yake. Vuli inayoanza mapema na kurudia rudia huikinga barafu. Vuli hafifu huiacha uchi. Watafiti wanasema ukavu ulioanza mwishoni mwa karne ya 19 ndio ulioanza kuila, na ongezeko la joto la dunia limeongeza mzigo. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu za milima ya Afrika, Kibo ikiwemo, huenda zikawa zimetoweka ifikapo 2050. Yule binti wa kidato cha pili atakuwa bado hajafika umri wangu wa sasa.

Kuna miaka ambayo Bahari ya Hindi upande wetu hupata joto kuliko kawaida na vuli ikawa kubwa ajabu: 1961, 1997, 2019. Mwaka 1961 ndio Alexander Nyirenda alipopandisha Mwenge na bendera kileleni, Desemba. Ningetoa chochote kupata picha za kila alfajiri za Kibo kwa vuli ile moja. Hakuna aliyesimamisha kamera Majengo. Vuli kubwa ijayo itaikuta yetu ikifanya kazi.

Mwanzo wa Desemba

Theluji imeanguka tena mara kadhaa, kidogo kidogo, hakuna iliyofika Barafu. Rekodi ya Novemba imekamilika na imechapwa. Nakala moja iko ukutani studio, nyingine vijana wameipeleka shuleni.

Yanayofuata. Kioo kipya, kinene zaidi. Miwani myeusi: muuza mitumba mmoja wa Memorial amekubali kututengea kila inayofika kwenye belo zake kwa bei ya jumla, na studio itaikopesha kwa mpagazi yeyote anayepanda mstari ukiwa chini ya kambi. Na sanduku la pili, kwa sababu kutoka hapa hatuoni kabisa njia ya Marangu juu ya kambi ya Horombo, na wanaopita kule nao wanauliza. Fundi ameshakata bati. Linahitaji paa refu Himo au karibu na hapo, lisilozibwa na miti kuelekea Mawenzi, na mwenye nyumba asiyeudhika mtu akipanda kufuta kioo jioni. Anayeifahamu nyumba ya namna hiyo aniambie kabla ya Krismasi, niende kuonana na wenyewe.